Ubaridi wa Gesi Joto

Ugomvi wote ulianzia kwenye jina, na aliyelibuni jina hilo sijui alikuwa anafikiria nini. Gesi joto. Mtu mwenye akili zake timamu akisikia gesi joto ataelewa nini? Ataelewa gesi ya moto, kama anavyoelewa akisikia maji moto. Ukimwambia hapana, gesi yenyewe haina moto wowote ndani yake, ila inalizuia joto lisitoke, atakutazama kwa jicho la pembeni na kukuuliza mbona basi hamkuiita hivyo. Mwalimu alikuwa ameulizwa swali hilo na kila darasa kwa miaka ishirini na miwili ya kufundisha fizikia, na kila mwaka alilijibu bila kukunja uso. Aliyemkunjisha uso ni mtu mmoja tu, naye ni mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake huyo walimwita Mitungi, tangu alipoingia kazi ya kujaza vizima moto, ile mitungi myekundu inayoning'inia kwenye korido za maofisi na ambayo hakuna anayeitazama mpaka siku nyumba inapowaka. Gesi anayoijaza humo ni hewa ukaa, ile ile ambayo dada yake alikuwa akiisema darasani kwamba inaipasha dunia. Miaka sita Mitungi alikuwa akiishika. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na mabaka meupe, pale gesi ilipomchoma kwa baridi siku ya kwanza kazini. Kwa hiyo dada yake alipotamka gesi joto, Mitungi alicheka mpaka machozi.

Wangeweza kucheka na kubishana hivyo hadi uzeeni, na hakuna ambaye angedhurika. Lakini mwaka huo kulikuwa na baba.

Baba yao alikuwa dereva wa greda mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia miaka miwili nyuma, naye alilala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mitungi, juu ya godoro lililotandikwa sakafuni. Kitanda alikikataa mwenyewe, akisema saruji ina ubaridi kidogo na kitanda hakina hata huo. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, cha dirisha moja na dari ya mbao nyembamba, na juu ya dari ni mabati matupu. Joto lilikuwa limeingia wiki ya tatu. Tangu saa nne asubuhi mabati yalianza kulia, na jua lilipozama kuta zilikuwa zimeshiba joto kiasi kwamba ukiziegemea unaruka. Mzee hakuwa analala. Midomo ilikuwa imepasuka, na mapigo ya moyo wake Mwalimu aliyahesabu kila alipofika na hakuyapenda.

Mwalimu alitaka kumhamishia kwake. Alikaa kwenye nyumba ya shule, ya chini, yenye kuta nene na miti pande zote mbili, na alikuwa na chumba kitupu. Mitungi alikataa katakata. Watu wangesema amemshindwa baba yake, na zaidi ya hapo, alisema, joto lenyewe ni la msimu tu, litapita. Hapo ndipo fizikia ilipogeuka kuwa jambo la nyumbani. Kama joto ni la msimu, mzee angevumilia wiki moja mbili na mambo yangekwisha. Kama ni lile analolisema Mwalimu, basi lisingepita, na kila mwaka lingerudi na nguvu zaidi, na mzee angefia kwenye chumba kile.

Jumapili hiyo alasiri walikuwa wote chumbani kwa mzee: Mwalimu kwenye kiti cha plastiki, mke wa Mitungi mlangoni na mtoto wao wa miezi saba mgongoni, na Mitungi mwenyewe amechuchumaa karibu na godoro, akiwa na kizima moto kidogo alichokuja nacho kutoka kazini. Alikuwa na sura ya mtu aliyejiandaa.

"Dada, leo nimeleta ushahidi," alisema. "Lete mkono."

"Mkono wangu wa nini?"

"Wewe lete tu. Au mwanasayansi anaogopa sayansi?"

Mwalimu akanyoosha mkono. Mitungi akaelekeza mdomo mpana wa mpira pembeni kidogo ya vidole vyake na kubonyeza mara moja. Ukatoka mvumo, na wingu jeupe, na chembe za barafu zikadondoka kwenye sakafu na kutoweka bila kuacha maji. Mwalimu aliruka na kiti chake. Mke wa Mitungi alicheka akishika mdomo, na mzee naye akacheka kwa nusu ya uso ile iliyobaki.

"Haya," Mitungi akasema. "Hiyo ndiyo gesi joto yako. Mwenyewe umeionja. Sasa niambie, kitu kinachogandisha vidole kinaipashaje dunia?"

"Inatoka baridi kwa sababu ilibanwa," Mwalimu alijibu, akifuta mkono kwenye kanga. "Ukiiachia inatanuka, na kutanuka kunanyonya joto. Hata pafyumu ukijipulizia unasikia baridi. Hiyo ni habari ya mtungi, siyo habari ya gesi. Blanketi lina moto ndani yake?"

"Halina."

"Na ukijifunika mchana huu?"

"Nitakufa kwa jasho."

"Basi umeshaelewa. Jua linaipasha ardhi, ardhi nayo inalirudisha joto juu. Hewa ukaa inalikamata joto linapotoka, halafu sehemu yake inatuangushia tena huku chini. Kadiri tunavyoiongeza ndivyo blanketi linavyozidi kuwa zito."

Mitungi hakuwa mjinga, na hili lazima lisemwe. Hoja zake alizikusanya kwenye kibanda cha kinyozi wa mtaani kwao na kwenye video za simu, na alizipanga vizuri. Akasema gesi hiyo ni kidogo mno hewani, chembe mia nne na ushee katika milioni, kidogo hivyo kitafanya nini? Mwalimu akamwambia adondoshe tone la wino kwenye glasi ya maji aone kama ataona upande wa pili; zile gesi nyingine zilizo nyingi, joto la ardhini linazipita kana kwamba hazipo, na hii kidogo ndiyo inayolishika. Mitungi akasema zamani pia palikuwa na joto kali kabla ya magari na viwanda. Mwalimu akamuuliza, kwani kabla ya magari watu hawakuwa wanakufa? Sasa mtu akigongwa na lori leo tuseme siyo lori? Mitungi akasema basi ni jua, jua limezidi ukali.

"Ingekuwa jua, joto la mchana ndilo lingezidi kupanda," Mwalimu akasema. "Mbona la usiku ndilo linalopanda haraka zaidi, wakati jua halipo? Muulize baba analalaje usiku."

Mzee akafumba macho. Hakutaka kuulizwa.

"Sawa," Mitungi akasema, na sasa hakuwa anatania. "Hebu niambie kitu kimoja. Hii hewa ukaa ndiyo ile ya jiko la mkaa? Ile inayoua watu wakifunga mlango?"

"Hapana. Mnazichanganya kwa sababu ya majina tu. Ile ya jiko la mkaa ni gesi nyingine, hiyo ndiyo sumu. Hii si sumu. Unaitoa puani kwako hivi sasa unavyobisha."

"Si sumu?"

"Si sumu. Soda unayokunywa ina nini?"

Alisema kweli. Tena alisema alivyozoea kusema darasani, ambako hakuna mwanafunzi anayeuliza zaidi kwa sababu kengele inalia. Mitungi akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeweka kitu kwenye kumbukumbu, kisha akasema, "Basi mnatutisha bure. Gesi haina joto, haina sumu, na baba hahami."

Hapo Mwalimu akapandwa na hasira. Ilikuwa ya wiki tatu, ya kumwona mzee akikauka huku watu wakibishana, na ilitoka vibaya. Alimwambia mdogo wake, mbele ya mkewe na mbele ya baba yao, kwamba hoja za kibanda cha kinyozi ndizo zilizomfelisha mtihani wa kidato cha nne, na kwamba mtu aliyepata sifuri ya fizikia hana haki ya kuamua baba alale wapi.

Mtoto mgongoni aliguna. Mitungi aliokota kizima moto chake, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akatoka.

"Mwalimu," mzee alisema, kwa ile sauti yake ya kuburuza. Hata yeye alimwita hivyo. "Leo umefundisha, au umechapa?"

Mwalimu alimlowesha midomo kwa kitambaa, akamuaga, akaondoka bila kumuaga mdogo wake.

Alhamisi, akiwa kwenye chumba cha walimu na rundo la madaftari mbele yake, simu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mitungi: "Dada nimepata dawa ya joto. Baba jana alilala. Jumamosi uje uone mwenyewe, na uje na daftari uandike." Mwalimu aliusoma mara mbili. Aliisikia kejeli ndani yake, au alidhani ameisikia, na moyo wake bado ulikuwa na donge. Alifikiri amenunua feni. Akasema kimyakimya, afadhali, hata feni ni kitu. Kisha akaigeuza simu kifudifudi na kuendelea kusahihisha. Neno moja tu la kuuliza lingetosha, dawa gani hiyo, na hakuliandika. Nalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha nalo baadaye.

Jumamosi alikuwa na mtihani wa kusimamia hadi saa saba. Saa tisa alasiri simu ikalia, na alikuwa mke wa Mitungi.

"Wifi, njoo," alisema. "Njoo sasa hivi. Baba haamki."

Alipofika, daktari wa zahanati alikuwa anatoka, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamwambia pole. Akamwambia mzee alikuwa amekwisha kufariki alipomkuta, hakuteseka, na kwamba kwa wiki hiyo huyu alikuwa wa kumi na moja, wote wazee, wote vyumba vya mabati. Kwenye karatasi aliandika joto kali. Hakuwa na sababu ya kuandika kitu kingine. Thamometa ya zahanati ilikuwa inasoma arobaini na mbili.

Mitungi alikuwa amekaa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani. Alipomwona dada yake aliinuka, akamkumbatia, akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kulia nayo tangu walipomzika mama. Mwalimu naye alilia. Donge lote la Jumapili liliyeyuka hapo hapo, na walikuwa tena watoto wawili wa mtu mmoja.

"Nilijitahidi, Dada," Mitungi alisema. "Kweli nilijitahidi. Nilikuwa nampa ubaridi kila siku, lakini leo joto limenishinda."

"Ulimpa ubaridi gani?"

Akamweleza, akijifuta pua kwa mkono. Jumatano alileta mtungi mkubwa kutoka karakana, wa kilo thelathini, ule wanaotumia kujazia midogo. Alifungua koki kidogo, dirisha likiwa wazi, na mzee akasikia baridi, akatabasamu, akasema niongezee. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa mzee alisinzia mchana mzima, alipoamka akalalamika kichwa, wakampa maji. Leo ndio joto lilikuwa halisemeki. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana Mitungi alifunga dirisha, baridi isipotee bure. Akafungua koki mpaka sakafu ikawa nyeupe. Akatoka, akafunga mlango, akaziba pale chini kwa taulo lililoloweshwa, akamwacha mzee apumzike.

"Nilirudi baada ya saa moja na nusu," alisema. "Nikamshika paji la uso. Alikuwa amepoa, Dada. Nikafurahi. Nilisema moyoni, leo dawa imekubali. Hata nilitoka nikamwambia mama mtoto, baba amepoa."

Mwalimu alisimama pale akiwa bado amemshika mabega. Fizikia haikumwomba ruhusa; ilianza kujihesabu yenyewe kichwani mwake. Chumba cha hatua tatu kwa tatu. Kilo kadhaa za gesi. Gesi nzito kuliko hewa, inayotulia chini kama maji kwenye beseni. Godoro lililotandikwa sakafuni. Usingizi wa Ijumaa, kichwa kuuma. Hata aliyekuwa wa mwisho darasani kwake angepata jibu lake, na yeye alilipata kabla mdogo wake hajamaliza kufuta pua.

Alitaka kusema. Alimwangalia usoni, akaona macho yaliyovimba na mabaka meupe kwenye vidole vilivyomshika mkono. Alichosema ni, "Pole, mdogo wangu." Kisha akaenda chumbani kwa mzee na kufungua dirisha.

Walimzika Jumapili asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Makaburini Mitungi aliomba aseme neno. Watu walitegemea ataongea juu ya greda na barabara alizochonga mzee. Badala yake alisema, "Dada yangu alituonya. Alisema joto hili si la kawaida, na linakuja kwa sababu ya hii gesi, na baba ahamishwe. Mimi nikambishia. Nilimbishia mbele ya baba mwenyewe. Joto limemuua baba yangu, na mimi ndiye niliyesema ni la msimu. Msiwe kama mimi."

Watu walitikisa vichwa. Wanawake wawili walilia upya. Walipotawanyika, kinyozi yule yule alimfuata Mwalimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba naye amekuwa akibisha, lakini sasa ameelewa, na atawaeleza watu kibandani. Miaka ishirini na miwili Mwalimu alitaka kusikia maneno hayo kutoka kwa mtu mmoja tu asiyekuwa mwanafunzi. Sasa aliyasikia, akauondoa mkono wake taratibu. Kila alilosema juu ya hewa lilikuwa kweli kabla ya kifo cha baba yake na lilibaki kweli baada yake, lakini watu hawa walikuwa wameliamini kwa kifo ambacho hakikuwa ushahidi wake. Wazee kumi wa mtaa ule joto lilikuwa limewaua kweli. Wa kumi na moja hakuuliwa na joto.

Akanyamaza Jumapili hiyo, akanyamaza Jumatatu. Alijipa sababu nzuri nzuri. Mzee hatarudi. Mitungi ana mke na mtoto mchanga, na mtu akijua amemuua baba yake kwa mkono wake anaendeleaje kuishi? Daktari ameshaandika. Mtungi utarudi karakana na hapo itakuwa imekwisha. Aliamini hivyo kwa sababu alihitaji kuamini, na kwa muda wa siku mbili yeye, aliyewasema watu maisha yake yote kwa kukwepa ukweli usiowapendeza, aliukwepa kuliko wote.

Jumanne saa tatu asubuhi alipita nyumbani kwa mdogo wake kuchukua vyombo alivyoleta msibani. Wifi yake alikuwa uani akifua. Ndani kulikuwa na mvumo, ule ule.

Aliufuata mpaka chumba cha kulala cha mbele. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo. Mtungi mkubwa ulikuwa umesimama pembeni ya kitanda, na Mitungi alikuwa ameinama akiifungua koki kwa spana, mdomo wa mpira ukiwa ndani ya beseni la kuogeshea mtoto. Beseni lilikuwa limejaa nusu kwa ule unga mweupe unaofuka. Chini, kando ya kitanda, kwenye mkeka, mtoto alikuwa amelala chali, ngumi zake mbili zimefungwa.

"Karibu, Dada," Mitungi alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Funga mlango, baridi inatoka. Sitarudia kosa. Baba nilimwanzishia mchana, joto limeshaingia. Huyu naanza naye asubuhi."

Mwalimu hakufunga mlango. Alimwinua mtoto kutoka mkekani, mtoto akashtuka na kuanza kulia, na kile kilio kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia. Akaenda dirishani, akavuta pazia, vibanio vikaruka, akafungua.

"Dada! Unafanya nini?"

"Funga koki."

"Lakini..."

"Funga koki!"

Akaifunga. Mvumo ukakatika, na kukabaki kilio cha mtoto na maji ya kufulia uani. Mitungi alimtazama dada yake kama mtu aliyepigwa kofi na hajui kwa nini. Na Mwalimu, akiwa na mtoto begani, alijua kwamba akianza kwa maneno mdogo wake atabisha, kwa kuwa ndivyo walivyoishi. Akauliza kama kuna kiberiti. Kilikuwa dirishani, pamoja na dawa ya mbu. Akakichukua, akampa Mitungi.

"Washa."

Mitungi akawasha njiti.

"Iteremshe ndani ya beseni. Taratibu. Usiguse barafu."

Akateremsha. Mkono ulipofika kwenye ukingo wa beseni moto ulikuwa unawaka vizuri. Ulipopita ukingo ulizimika, bila upepo na bila moshi mwingi, kama uliokatwa.

"Washa nyingine."

Ya pili ikazimika pale pale. Ya tatu aliiwasha bila kuambiwa, na hiyo nayo haikuvuka ukingo. Mitungi alijaza gesi ile miaka sita ili izime moto. Alijua kazi yake kuliko mtu yeyote, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inavyoukosesha moto hewa ndivyo inavyomkosesha mtu. Karakanani waliambiwa tu wajaze gesi milango ikiwa wazi. Walidhani ni kwa sababu ya kelele.

Alibaki ameinama juu ya beseni na njiti iliyokufa kwenye vidole.

"Chini ya chumba," alisema. "Inakaa chini."

"Ndiyo."

"Baba alikuwa chini."

"Ndiyo."

Alipoinua uso ulikuwa umepoteza rangi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto anayeuliza.

"Uliniambia si sumu."

Mwalimu angeweza kujitetea. Angeweza kusema kwamba neno lilikuwa sahihi, kwamba hata maji si sumu na watu huzama, kwamba kidogo na kingi si kitu kimoja, na yote hayo yangekuwa kweli. Aliyaona yote yamejipanga, yakisubiri zamu yao. Akayaacha.

"Nilikuambia," alisema. "Na sikumalizia. Na uliponiandikia, sikukuuliza."

Wifi yake alikuwa amefika mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, ameitwa na kilio cha mtoto. Alitazama dirisha lililofunguliwa, vibanio sakafuni, njiti tatu zilizozimika, na uso wa mumewe.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mnagombana tena?"

Mitungi aliiweka spana chini polepole, isitoe sauti.

"Mweleze wewe," alimwambia dada yake. "Mimi sitaweza. Wewe ndiye mwalimu."

Mwalimu akamkabidhi mtoto kwa mama yake kwanza. Alimwomba akae kitandani, karibu na dirisha. Kisha akamweleza, tangu Jumatano mpaka Jumamosi, gesi ilivyokuwa, ilivyotulia, alichokifanya mumewe na kwa nini alikifanya, na maneno yake mwenyewe ya Jumapili ile aliyaweka mahali pake bila kuyapunguza. Mikono ya wifi yake ilikauka povu likiwa bado juu yake. Mitungi alikaa sakafuni pembeni ya mtungi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimsikiliza dada yake mpaka mwisho bila kubisha.